Sanga Kitsao Hakupima Maji

Kanuni ilikuwa moja, na ilibandikwa ukutani mwa karakana kwa herufi kubwa ili asitokee mtu wa kusema hakuiona: mtambo hautiwi majini kabla ya kupimwa maji ya pale pale utakapotiwa. Si maji ya jana, si maji ya kwingine, na si kwa kukisia. Sanga Kitsao ndiye aliyeigongomea karatasi ile misumari minne. Na Sanga Kitsao ndiye aliyeivunja, kweupe, mbele ya watu, huku akicheka.

Kabla ya kuhamia Kilifi, Sanga alikuwa mtu wa chumvi. Alizaliwa Marereni, na miaka kumi na tisa haijamtimia vizuri alikuwa tayari anasukuma tope kwenye mabwawa ya chumvi Gongoni. Kule maji ya bahari hufunguliwa yakaingia bwawa la kwanza, jua likayanywa, yakahamishwa la pili, la tatu, la nne, na kila yanapohama yanazidi kuwa mazito. Bwawa la mwisho maji yake ni mekundu kama mchuzi wa mawese, na hapo chumvi imekaribia kuganda. Anayeamua siku ya kuyahamisha ni msimamizi, na chombo chake ni kioo: kijibomba chembamba chenye namba, kinachoelea kimesimama. Maji yakiwa mazito, kioo hupanda. Yakiwa mepesi, huzama.

Sanga alipopewa usimamizi, kioo alikiacha ofisini. Alichovya kidole, akalamba, akataja namba. Wenzake walikimbilia kioo kumsuta, wakakuta kasema kweli. Walirudia mara ya pili, ya kumi, ya mia. Basi wakamwita Ulimi. Jina likamganda kuliko lile alilopewa na babake, na kwa miaka ishirini na tano hakusikia sifa nyingine iliyompendeza zaidi. Mtu akisifiwa kwa kitu kimoja maisha yake yote hufika mahali akakiona kitu hicho ndicho yeye. Hapo ndipo hatari ilipo, na Sanga alikuwa ameishi hapo muda mrefu bila kujua.

Miguu ndiyo iliyomtoa Gongoni. Maji makali yaliila nyayo zake mpaka zikapasuka kama udongo wa kiangazi. Alipofika miaka arobaini na minane aliajiriwa na kituo kidogo cha utafiti wa bahari Kilifi, kilichokuwa chini ya Daktari Musembi, Mkamba mpole mwenye kuongea polepole. Daktari alitaka mtu wa mikono, anayeyajua maji. Sanga alikuwa mtu huyo. Akajenga Mtondia, akamleta mkewe Kadii kutoka Vitengeni, akapumzika kukanyaga tope.

Kazi aliyopewa ilikuwa kusawazisha roboti.

Roboti yenyewe ilikuwa ya injinia mmoja kijana aitwaye Linet, msichana wa Kakamega, miaka ishirini na tisa. Alikuja na wazo lake likiwa bado changa. Alikuwa amechoshwa na mitambo ya majini inayojishikilia kwa panga zinazozunguka, inayokula betri na kutimua mchanga, samaki wote wakakimbia. Asubuhi moja alikuwa na Sanga sokoni kwa wavuvi, akaona chewa mkubwa aliyevuliwa kilindini, mdomo wazi, puto jeupe limemjaa kinywani.

"Mzee Sanga, hiki kinachomtoka ni nini? Ni tumbo?"

"Hewa yake hiyo, mwanangu. Huko chini alikuwa ameiweka sawasawa na maji, ndiyo maana anatulia hapandi wala hashuki. Sasa huyu bwana kamvuta mbio. Hewa imetanuka, hana pa kuiweka."

"Kwa hivyo hapigi mapezi ili abaki juu?"

"Apige mapezi usiku kucha, atalala saa ngapi?"

Linet alicheka mpaka muuza samaki akageuka. Miaka mitatu iliyofuata aliitumia kumwiga chewa yule. Alitengeneza mtambo wa manjano, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, wenye uzito wa kilo arobaini, usio na panga hata moja. Tumboni mwake kulikuwa na mafuta, na chini yake kifuko cha mpira. Pampu ikisukuma mafuta kuyatia kifukoni, kifuko hufura, mtambo huchukua nafasi kubwa zaidi majini bila kuongeza uzito, ukapanda. Pampu ikiyarudisha, mtambo hushuka. Ulitulia mahali pamoja kimya kabisa, na samaki walikuja kuuchungulia.

Ila kifuko kilikuwa na kikomo. Kingeweza kuinua gramu mia tatu, basi. Kwa hiyo kabla ya kila safari ilibidi uzito wa mtambo ulinganishwe na maji yenyewe, kwa kuongeza au kupunguza vipande vya risasi. Maji ya chumvi nyingi hubeba zaidi, na maji mepesi hubeba kidogo. Kazi ya kulinganisha ilikuwa ya Sanga. Apime kwa kioo maji ya juu na ya chini, aandike namba kwenye fomu, atie sahihi. Kwa miaka mitatu alipima. Huo ni wema wake na ni haki kuutaja.

Linet alipanga chumba katika boma la Sanga pale Mtondia. Jioni alikula sima na mboga ya mchunga kwa Kadii, akakosolewa Kiswahili chake cha bara, akamwamkia Sanga shikamoo kila alfajiri kama aliyezaliwa Pwani. Kahaso, binti yao wa kidato cha tatu, alifundishwa fizikia bure barazani.

Ikafika Mei. Wafadhili watatu wangekuja kuuona mtambo ukifanya kazi, na wakipendezwa, wangelipia mingine kumi ya kutafuta nyavu zilizopotea baharini, zile zinazoendelea kuua samaki na kasa bila mwenyewe. Mahali palichaguliwa mbele ya Mambrui. Mto Sabaki ulikuwa umefurika wiki mbili, na maji yake ya udongo yalikuwa yametanda baharini mpaka upeo wa macho.

Mashua zilikuwa mbili. Katika moja walikuwa Daktari Musembi, wageni, na Linet na kompyuta yake. Katika nyingine alikuwa Sanga na mtambo, pamoja na wabebaji watatu kutoka Gongoni, wenzake wa zamani, aliowaleta mwenyewe. Alitaka wamwone. Mmoja wao alikuwa Kavumbi, mtu wa maneno, ambaye hata msibani hapitishi dakika kumi bila mzaha.

Sanga alifungua sanduku, akafunua kitambaa, akatoa kioo.

"Eeh! Jamani, njooni muone!" Kavumbi akapiga kofi. "Ulimi siku hizi anatumia kioo kama vijana wa ofisini!"

"Mji wa Kilifi huo," akasema mwingine. "Umemwotesha kutu."

"Si kutu. Meno yamemtoka, ladha ikaondoka nayo. Si kweli, Ulimi? Kadii siku hizi ndiye anayekuonjea mchuzi?"

Wakacheka. Sanga naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yanamwaka. Alikirudisha kioo kitambaani. Akainama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayazungusha mdomoni, akatema.

"Thelathini na nne," akasema, namba ya maji ya bahari tupu.

"Hewalaa! Huyo sasa ndiye wetu!"

Yafaa kueleza kosa lake, maana halikuwa la mjinga. Ulimi wa Sanga ulifundwa na maji makali ya mabwawa, yenye chumvi mara saba au nane ya bahari. Huko juu ulijua kila ngazi. Huku chini, maji ya bahari na maji ya bahari yaliyochanganyika na mto, kwake yote yalikuwa maji mepesi tu. Na ule wekundu ambao ungemshtua mvuvi yeyote haukumshtua yeye. Kule alikokulia, maji mekundu ndiyo yenye chumvi kuliko yote. Wekundu wa Sabaki ni udongo uliobebwa na maji ya mvua kutoka bara. Jambo hilo alilijua. Angekuwa peke yake mashuani angelikumbuka.

Sauti ya Linet ilivuka maji. "Mzee Sanga! Umepima?"

"Nimepima!"

"Ya juu na ya chini? Naona maji ni mekundu sana huku."

"Nimepima, mwanangu! Rangi si chumvi!"

Kavumbi akainamisha kichwa kuficha kicheko. Sanga aliandika thelathini na nne kwenye fomu, juu na chini, akatia sahihi. Wakauinua mtambo, wakauachia. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kuachiwa bila kamba.

Ulizama vizuri sana. Wageni wakapiga makofi.

Ulitakiwa kurudi juu baada ya dakika ishirini. Ilipopita nusu saa Linet alisimama, akainua antena yake. Ilipopita saa nzima alikuwa bado amesimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi. Mashua zilizunguka mpaka alasiri. Wageni waliungua na jua, wakaomba kurudishwa.

Sanga alikaa nyuma ya mashua, mgongo kwa wenzake waliolala. Alifungua sanduku polepole, akakitia kioo majini. Kilizama. Kilizama mpaka alidhani kimepasuka kinaingiza maji. Kikasimama kwenye ishirini na moja. Akakitazama kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi, akakitoa, akakifuta, akakifunga kitambaani.

Alielewa yote papo hapo, kwani kazi aliijua. Maji ya mto, kwa wepesi wake, yalikuwa yametanda juu ya maji ya chumvi kama dari. Mtambo ulikuwa mzito mno kwa maji yale ya juu, kupita uwezo wa kifuko. Ulishuka ukafika chini ya dari, ukapata maji mazito, ukaelea hapo. Kila pampu ilipofurisha kifuko, mtambo ulipanda hadi kwenye dari na kurudi. Ulikuwa mahali fulani kule chini, mzima kabisa, ukifanya kila ulichofundishwa, na mkondo unaupeleka mbali. Kupunguza gramu mia moja na hamsini za risasi kungeuokoa, kipande kinachoenea ngumini mwa mtoto.

Angesema saa ile, wangejua wautafute wapi. Hakusema.

Wiki moja baadaye Daktari Musembi aliwaita ofisini. Fomu ilikuwa mezani. "Linet," alisema, "mimi si mtu wa kulaumu. Lakini wafadhili wanauliza. Ama maji hayakuwa kama yalivyoandikwa, ama kifuko kimeshindwa. Hakuna la tatu." Kisha akamgeukia Sanga. "Mzee, ulipima?"

Kabla Sanga hajafungua kinywa, Linet alisema, "Daktari, tusimwingize mzee kwenye hili. Miaka mitatu hajawahi kukosea hata mara moja. Kosa ni la kifuko changu. Nimekesha nikilitafuta. Nadhani mpira ulipasuka kwenye mshono."

Daktari alimtazama Sanga. Sanga alitazama meza. Akaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyejua ameitikia swali lipi, naye aliwaacha wasijue. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili alijificha nyuma ya binti wa watu, na binti hakujua kwamba anamfunika.

Ripoti ikaandikwa kwamba kifuko hakifai. Wafadhili wakaelekeza pesa zao kwenye mitambo ya panga. Mkataba wa Linet ulikwisha mwisho wa Juni na haukuongezwa.

Jioni ya mwisho Linet alikaa barazani kwa Sanga na kifuko cha pili, kile cha akiba, alichokuwa amekishona upya mara nne. Alikikata kwa kisu vipande vidogo, bila hasira, kama mtu anayekata mboga. Alipomaliza alileta daftari zake tatu.

"Mzee Sanga, una kiberiti?"

Kadii alisema kutoka jikoni, "Mwanangu, daftari hazichomwi. Weka tu, zitakufaa."

"Zitanifaa nini, mama? Zina kosa ndani na sijui liko ukurasa gani. Mtu mwingine akizichukua atapoteza miaka yake kama mimi."

Sanga alitia mkono mfukoni. Alimpa kiberiti.

Asubuhi alimbebea sanduku mpaka stendi. Njia nzima alijiambia atasema wakifika kwenye mnazi ule, kisha wakifika kwenye duka lile, kisha basi likija. Basi likaja. Linet alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Asante kwa kila kitu, mzee. Ungekuwa mtu mwingine ungenilaumu." Sanga akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu wa kumsalimia.

Kuanzia siku hiyo aliishi kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Chakula alikila bila kukisifu wala kukikosoa. Watu wa karakana wakimtania kwa jina la Ulimi alitoka nje. Kahaso alipouliza, "Baba, Linet hajapiga simu?" alimkaripia mtoto mpaka Kadii akaacha kuchambua mchele, akamtazama. Mwenye aibu ya haki huitubu. Sanga aliilisha tu, ikanenepa.

Agosti, siku ya Jumapili, Kavumbi alikuja Mtondia kuwasalimu, na jogoo kwapani. Alikunywa chai, akala mahamri, akaanza hadithi zake.

"Shemeji Kadii, huyu mumeo ni shetani. Siku ile ya Mambrui alikuwa na kioo mkononi, tukamcheka kidogo tu, akakitupa sandukuni. Akaonja! Mbele ya wazungu! Yule msichana anamuuliza umepima, huyu anajibu nimepima, uso mkavu kama papa wa ng'onda!"

Akacheka peke yake. Kadii alikuwa ameshika birika, hamimini.

"Siku ipi?" akauliza.

"Si ile mtambo ulipotea."

Kadii aliweka birika chini. Kavumbi aliaga mapema, maana hata yeye alihisi hewa imebadilika. Kisha Kadii akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Kahaso. Mimi nilisema daftari zisichomwe. Wewe ulijua zilikuwa hazina kosa."

"Mama Kahaso, ngoja nikueleze..."

"Ulimpa kiberiti."

Jumatatu Sanga alikwenda kwa Daktari Musembi kabla mlango haujafunguliwa, akamngoja amesimama. Alisema yote: kiganja, namba, kioo kilichosoma ishirini na moja, kitambaa. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mzee Sanga, ungeniambia hata wiki ile ofisini, ningekusamehe mbele yake. Pesa zile zilikuwa bado hazijahama." Akafuta miwani kwa muda mrefu. "Nitaandika barua ya kusahihisha. Nitaandika leo. Lakini sitakudanganya kwamba itafanya kitu."

"Nipe namba yake, Daktari. Ile niliyo nayo haipatikani."

Linet alikuwa Kitale, anatengeneza pampu za visima. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na jenereta. Alipomtambua alifurahi, akasema shikamoo kwa sauti kubwa, na Sanga akashindwa kuitikia marahaba. Alieleza akiwa amesimama nyuma ya karakana, uso ukutani. Alipomaliza, jenereta ilikuwa imezimwa.

"Nilikuuliza mara mbili," Linet akasema.

"Ndiyo."

"Na kwa Daktari nikakutetea."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Kioo kilisoma ngapi?"

"Ishirini na moja."

Alimsikia akinong'ona namba, akizidisha, akitoa. Halafu pumzi ndefu.

"Basi kilikuwa kizima," akasema. "Kifuko changu kilikuwa kizima."

Simu ikakatika. Sanga alipiga tena jioni, na siku ya pili, na Jumapili. Haikushikwa.

Barua ya Daktari Musembi ilijibiwa kwa shukrani na mistari miwili. Sanga aliachishwa kazi mwisho wa mwezi ule na hakubisha. Siku hizi anachunga mbuzi wa mkewe upande wa Vitengeni, na Kadii humwandalia chakula, humfulia, na humjibu anapouliza, basi.

Neno moja, nimepima, lilimgharimu Linet mtambo wake, daftari zake na miaka mitatu ambayo hakuweza kuianza upya. Sanga lilimgharimu kazi na heshima mbele ya mkewe, na kwa wote wawili hakuna kilichorudi.